Sindano Moja, Matumbo Mawili

Kanze, mtumishi wa nyumba, ndiye aliyeuliza kwanza. Alikuwa amepanda juu kuchukua nguo za kufua, akaiona kaptula ya askari imelala mkekani, pindo limeshonwa nusu na uzi umekatika njiani. Akamuuliza Batul sindano iko wapi.

Batul alitazama mkeka. Akainyanyua ile kaptula, akaikung'uta, akapapasa kwa kiganja huku na huku. Sindano haikuwepo. Bintiye Dilshad, mtoto wa mwaka na miezi minne, alikuwa ameketi ubavuni pake, udenda ukimchuruzika mpaka kifuani, na mkononi ameshika kipande cha uzi wa kaki urefu wa kidole.

Kanze akasema kwamba paka naye alikuwa hapa. Alipokuwa akipandisha ndoo ya maji alimwona akiuchezea uzi huo huo. Sasa paka hayupo.

Kanze alimnyakua mtoto, akamtia kidole kinywani, akamlaza kifudifudi pajani na kumpiga mgongo. Mtoto akalia kwa nguvu. Kanze akashuka naye mbio kumwita Bi Hajra, mama mkwe wa Batul, aliyekuwa chini akichambua mchele.

Batul alibaki peke yake chumbani. Akalifungua kopo la biskuti alilowekea sindano, akatoa nyingine, akatunga uzi, akalimalizia lile pindo. Lilikuwa limesalia shubiri moja hivi. Alipofika mwisho akapiga fundo, akakata uzi kwa meno, akaikunja kaptula na kuiweka juu ya zile zilizokwisha. Ndipo alipojitanda mtandio wake akashuka.

Asidhaniwe kuwa mtu aliyemchukia mwanawe. Mwaka ule ulikuwa 1943, na mumewe, Badruddin, alikuwa amesafiri mwaka uliotangulia kwenda Bombay kufuata marobota ya nguo. Meli ya kumrudisha haikufika. Barua ya kwanza ya wenye meli ilisema imechelewa. Ya pili, iliyokuja miezi miwili baadaye, ilisema hakuna habari zake zaidi. Bi Hajra alikwenda kwa shekhe wa msikitini, akaambiwa kuwa mke wa mtu aliyepotea si mjane, na asikae eda mpaka ijulikane, wangoje. Basi wakangoja. Majirani wa Ndia Kuu, mtaa wao wa Mombasa, walikuwa wakija kumpa pole Bi Hajra, naye alilia mbele yao mpaka mtandio ukaloa. Batul alileta chai, akaondoa vikombe, akarudi kwenye kaptula za jeshi alizokuwa akishona kwa malipo ya kila kipande. Watu walisema msichana huyu ana roho ngumu. Yeye mwenyewe hakuliita jambo hilo kwa jina lolote. Alijua tu kuwa mara moja pasi ilimuunguza mkono, na malengelenge aliyaona kabla hajasikia uchungu.

Walikwenda kwa miguu, wanawake watatu na mtoto, hadi zahanati ya Daktari Noormohamed karibu na viwanja vya Tononoka, kwa kuwa alikuwa na mtambo wa eksirei. Mtambo wenyewe aliuendesha Nicanor, mtu wa Taita, mpole, mwenye vidole vilivyogeuka rangi ya chai kwa dawa za kuoshea picha. Alimlaza Dilshad mezani, akawaomba wamshike miguu na mikono. Mtoto alijipinda kama mkunga wa baharini. Picha ya kwanza ilitoka moshi mtupu. Ya pili ilionyesha koo na kifua, navyo vilikuwa safi, lakini tumbo lilikuwa ukungu. Alikuwa amerusha miguu wakati ule ule mtambo ulipolia.

Daktari alitoka kuzungumza nao. Alieleza kwamba kama sindano imeteremka tumboni ni lazima ijulikane leo, kabla haijatoboa utumbo, wala yeye hawezi kumpasua mtoto kwa kubahatisha. Shida ilikuwa filamu. Tangu vita vianze zilikuja kwa shida, na ndani ya boksi zilibaki mbili tu. Wakiharibu hizo, hakuna ajuaye nyingine zitafika lini.

Hapo Nicanor aliuliza kama nyumbani hakuna mwingine aliyeweza kuimeza. Kanze akataja paka.

"Sindano ni moja, na matumbo ni mawili," Nicanor alisema. "Mtoto hatulii. Paka tutamfunga atulie. Tukiiona kwa paka, mtoto yu salama."

Daktari hakulipenda wazo la paka juu ya meza ya wagonjwa. Alitazama zile picha mbili mbovu, akamwangalia mtoto, mwishowe akasema waende wakamlete, na meza itaoshwa kwa dawa.

Bi Hajra alibaki na mtoto. Batul na Kanze wakarudi mjini kupitia soko la Marikiti, ambako asubuhi ile mahamali walikuwa wakishusha mananasi na watu wamejaa hata njia haipo. Kanze alipenya mbele kwa viwiko, kila mara akigeuka kumngoja. Batul alitembea kama alivyotembea siku zote. Mtu mmoja alimkanyaga akamwomba radhi, naye akamwitikia vizuri.

"Mama Dilshad, tembea," Kanze alimwambia.

"Natembea," Batul alijibu.

Paka huyo alikuwa dume la rangi ya majivu, ambalo Badruddin alilileta kutoka ghala la bandarini na ambalo hakuna aliyejishughulisha kulipa jina. Walimtafuta kwenye paa, nyuma ya pipa la maji ya mvua, na kichochoroni. Mwishowe Kanze alimkuta chini ya ngazi za jirani muuza viungo, amejibana nyuma ya magunia ya ukwaju. Kidevu chake kilikuwa kimeloa ute, na kila mara alijipangusa mdomo kwa mkono kama anayefukuza nzi.

"Ni huyu," Kanze alisema. "Mungu ashukuriwe, ni huyu."

Batul akasema haijulikani bado. Mtoto naye alitokwa na udenda, na mtoto anaota meno. Paka huenda ana kidonda mdomoni. Alisema hayo kwa utaratibu, kama anayesoma karatasi, kisha akamshika paka shingoni na kumtia kikapuni. Kanze alimtazama. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile tangu Batul alipoingia kama bibi arusi, na alikuwa akimkumbuka mwanamke mwingine kabisa, aliyecheka mpaka akashika ukuta.

Zahanatini Nicanor aliomba kanga. Kanze akatoa ile aliyojitanda. Paka alizongwa ndani yake kama maiti ndogo, kichwa tu nje, akalazwa ubavu. Nicanor alimvisha Batul glavu nzito zenye madini ya risasi ndani, ya kuzuia miale ya mtambo, zikamfika viwikoni. Akamwomba aweke mkono mmoja juu ya mabega ya mnyama na mwingine juu ya mapaja, asikandamize, asilegeze.

Ndani ya glavu zile Batul hakuhisi manyoya wala joto wala pumzi. Aliona tu kanga ikipanda na kushuka. Mtambo uliguruma, ukalia kwa mlio mfupi, ukanyamaza. Paka hakutikisika. Wala Batul.

Walingoja Nicanor alipokuwa chumba cha giza akiosha picha. Bi Hajra alikuwa kwenye kiti, akisoma dua kwa midomo bila sauti, mtoto amelala begani mwake. Mlango ulipofunguliwa, Nicanor alitoka na filamu inayodondosha maji, akaibana mbele ya sanduku la taa, wote wakasogea.

Mnyama mzima alikuwa pale, bila ngozi. Uti wa mgongo umejipinda kidogo, mbavu nyembamba kama meno ya kitana, mkia umekunjwa chini ya miguu. Na chini ya mbavu za mwisho, mahali penye kivuli cha tumbo, ilikuwapo sindano. Ilikuwa nyeupe kuliko mfupa wowote, imenyooka, na hata tundu lake lilionekana.

Daktari akasema alhamdulillahi. Kanze aliketi sakafuni hapo hapo, akalia. Bi Hajra akamkumbatia mjukuu wake, akaanza kulia kwa sauti hata wagonjwa walioko barazani wakachungulia.

Batul alikuwa angali akiitazama picha. Akauliza ile chembe ya duara penye bega la paka ni kitu gani.

Nicanor aliinama akaangalia. Hakuwa ameiona. Alisema ni risasi ya bunduki ya upepo, ya zamani, nyama imeshaifunika. Mtu fulani alimpiga paka huyu kabla hajawa paka wao, naye akaendelea na maisha yake.

"Inamuuma?" Batul aliuliza.

"Hilo picha haisemi, mama," Nicanor alijibu. "Naona ilipo tu."

Kisha alimfungua paka mdomo kwa kijiti, akawaonyesha uzi wa kaki ulivyonasa chini ya ulimi. Alionya kwa mkazo usivutwe. Uzi hauonekani katika picha, alisema, lakini upande mmoja umefungwa hapa na upande wa pili unashuka pamoja na sindano. Ukivutwa utaukata utumbo kama waya. Akaandika kikaratasi, akaifunga ile filamu mbichi ndani ya gazeti, akawaelekeza ofisi ya mifugo, ambako kulikuwa na daktari wa wanyama, Mzungu mzee aliyerudishwa kazini baada ya vijana kwenda vitani.

Kanze alimpeleka mtoto nyumbani. Batul alitaka Bi Hajra naye arudi akapumzike, maana magoti yalikuwa yakimsumbua, lakini mama huyo alikataa, akachukua upande mmoja wa kikapu.

Mzungu mzee aliinua filamu dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Msaidizi wake, Chengo, mtu mzima mwenye mikono iliyojaa alama za meno ya mbwa, alimtia paka katika sanduku pamoja na kitambaa chenye dawa ya usingizi, kisha akawaomba wanawake wakae nje.

Kulikuwa na benchi lililotazama boma la mbuzi waliozuiliwa kwa ugonjwa. Jua lilikuwa limepanda. Walikaa, kisha Batul akasema:

"Mama, Kanze aliposema huenda Dilshad amemeza sindano, nilimaliza pindo kwanza."

Bi Hajra hakugeuka.

"Najua. Nilikuwa chini ya ngazi nakungoja. Nilisikia kopo likifunguliwa."

"Hukusema kitu."

"Ningesema nini?" Alinyoosha goti lake, akalikanda. "Watu wakija, mimi nalia. Wakishatoka naosha uso, narudi kuchambua mchele. Humu ndani hamna kitu, mwanangu. Leo kule kwa daktari nililia kwa sababu Kanze alikuwa akilia, nikaona haifai ninyamaze."

Batul alimgeukia. Kwa miezi yote ile alikuwa akimsikia mama huyu akilia kwa wageni, na kila mara alijiona yeye ndiye mwenye kasoro. Sasa aliutazama ule uso, ulikuwa mkavu na wenye usingizi, macho yakiwatazama mbuzi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu barua ya pili."

"Mimi pia."

Hawakushikana mikono wala hawakusogeleana. Mbuzi mmoja alipanda juu ya mgongo wa mwenzake, akashuka. Bi Hajra akasema, kwa sauti ile ile, kwamba alijua mwanawe amekufa, alilijua siku ile bahasha ilipofunguliwa, na alimkataza Batul kukaa eda si kwa neno la shekhe tu, bali kwa kuwa hakuweza kuliona jambo hilo likivaa nguo za msiba na kuketi nyumbani kwake. Batul alisikiliza. Alijaribu kuona kama maneno hayo yanamuuma, akaona bado.

Baada ya muda mrefu Chengo alitoka na bakuli la bati. Ndani yake mlikuwa na sindano na kipande cha uzi. Alieleza kwamba utumbo ulikuwa umeanza kujikunja kama kamba ya kaptula, lakini haujakatika popote, na picha iliwaokolea kazi kubwa, maana walipasua mahali pamoja tu. Paka akipita siku tatu, ataishi. Apewe maziwa kidogo kidogo, halafu mchuzi mwepesi wa samaki, na asiachwe aruke. Akauliza kama wanaitaka sindano. Bi Hajra akamwambia aitupe.

Walimbeba paka nyumbani akiwa bado amelewa dawa. Alipoamka alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamtoka, akaanguka ubavu na kubaki hivyo hivyo macho wazi. Batul alimweka ndani ya boksi la kadibodi karibu na meko. Siku tatu alimtilia maziwa kinywani kwa kijiko, saa kwa saa, bila kukosa hata mara moja, wala hakuweza kusema kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa kuwa ameambiwa. Siku ya nne paka alikula samaki mwenyewe. Siku ya kumi Chengo alikuja akakata nyuzi za kidonda, akasifu mshono wa bwana wake.

Batul aliendelea kushona kaptula, ila sasa alishonea mezani, na kabla ya kuinuka alihesabu sindano zote zilizokuwa koponi. Dilshad aliota meno mawili. Majirani walikuja kama kawaida, wakashangaa kumkuta Bi Hajra ameketi macho makavu, akiwasimulia habari za paka na bunduki ya upepo. Wengine walidhani mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Wiki mbili baada ya hapo, asubuhi, Bi Hajra alishuka akiwa amevaa viatu vya kutokea. Alisema anakwenda kwa kadhi kuuliza kesi ya mtu aliyepotea hufunguliwa vipi, na itachukua muda gani, na mke wake afanye nini kwa sasa. Akamuuliza Batul kama watafuatana. Batul alisema watafuatana. Alimpa Kanze mtoto, akachukua zile barua mbili kutoka droo ya kabati, wakatoka kabla jua halijawa kali.