Picha Nane za Mama Léa

Mama Léa alikubali kusema kwa sharti moja: asipigwe picha.

"Andika yote," aliniambia siku ile nyumbani kwake Beu, mtaa wa mji wa Beni, "lakini picha, hapana. Picha inatembea."

Nikamwahidi. Sikuwa hata na kamera. Nilikuwa na kalamu na fomu ya kamati yetu, kamati ya parokia chache iliyokusanya ushuhuda wa watu wa Beni tangu mauaji yalipoanza. Akanieleza nani alikuwa akipeleka chumvi na betri porini, kwa watu ambao baadaye walikuja na mapanga. Hakupandisha sauti. Alikuwa anashona huku akisema.

Lazima nieleze alivyokuwa anashona, kwa sababu kosa langu limo humo. Mkono wake wa kulia una vidole vitatu tu. Mashine yake ni ile ya kuzungusha kwa mkono, na mpini wake uko kulia kama kawaida. Basi ameigeuza. Anakaa upande wa nyuma, anazungusha kwa mkono wa kushoto, na kitambaa kinamjia badala ya kumwacha. Sijaona fundi mwingine wa namna hiyo, Beni wala Butembo. Niliyaandika hayo yote katika kisanduku cha maelezo ya shahidi, pamoja na mlango wa buluu na moulin ya kusagia mihogo iliyo mbele ya nyumba. Kwetu Wanande jina linafuata mpangilio wa kuzaliwa, na mtaa mmoja unaweza kuwa na watu hamsini wanaoitwa Kambale. Jina halitoshi. Tumezoea kumtambulisha mtu kwa mlango wake na kwa kazi ya mikono yake.

Kuandika ushuhuda haikuwa kazi yangu hasa. Nilisomea informatique Butembo, na kamati ilinichukua kwa ajili ya kompyuta. Ofisi zetu ndogo zilikuwa nane, na kila moja ilikuwa na kompyuta ya aina yake: hii imejaa virusi, ile haina programu, nyingine inazimika ikiona printa. Papa Zacharie, mkuu wetu, akaniomba nitengeneze kompyuta moja inayoweza kubebwa mfukoni. Kwa Kifaransa inaitwa image, nasi tukaiita picha. Ni mfumo mzima wa Linux uliokwisha kupangwa, wenye kibodi ya Kifaransa, jedwali la ushuhuda na kila kinachohitajika, umefungwa ndani ya faili moja. Unaichukua kwenye clé ya USB, unaifungua katika kompyuta yoyote, na ndani ya dirisha inaamka kompyuta nyingine, safi, sawasawa na ile niliyoifunga. Nilichokiacha juu ya meza yangu, utakikuta juu ya meza yako.

Kabla ya kuifunga nililijaribu jedwali kwa fomu moja ya kweli. Nilichagua ya Mama Léa kwa kuwa ilijaza visanduku vyote. Nikafuta jina lake, nikaandika jingine, "Kahongya". Baada ya jaribio nilipaswa kuifuta yote.

Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Niliisoma tena, nikaona kwamba sijawahi kuandika kitu vizuri namna ile, nikataka wenzangu wa Beni waone fomu inavyojazwa. Nikaiita Mfano wa 1. Nikafunga picha.

Mafunzo yalifanyika Beni, katika ukumbi wa parokia, asubuhi ya Jumanne. Walikuja wajumbe wanane, na kila mmoja nilimpa clé yake. Nyuma alikaa Chef Ilunga, afisa wa serikali aliyeletwa kutoka Kasai, kutuangalia tu.

"Mademoiselle," aliniita, "ulituambia picha. Miye niko nangojea picha tangu saa mbili. Iko wapi?"

"Chef anataka kuona sura yake," alisema Josaphat, mjumbe wa Kasindi, ambaye hufanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani.

"Sura yangu ndani ya ordinateur? Hata virus zitakimbia!"

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia chini. Mbele ya watu sauti yangu hupotea, kwa hiyo nilifurahi walipoacha kuniangalia mimi na kuanza kuangalia vioo vya kompyuta. Madirisha yakafunguka, moja baada ya jingine, na katika kompyuta zote nane ukatokea ukurasa uleule: Mfano wa 1.

Josaphat alikuwa wa kwanza kusoma.

"Kahongya gani huyu? Mais ni Mama Léa wa Beu! Nani mungine anakaa nyuma ya masini? Yeye ndjo alinishonea suruali ya ndoa. Mpaka leo haijapasuka, na tumbo langu munaliona!"

Wakacheka tena. Blaise hakucheka. Huyu ni mwalimu, mjumbe wa Beu, na alikuwa anasoma polepole, kidole juu ya kioo. Kikashuka mpaka kwenye mstari wa ghala la chumvi.

"Dépôt ya chumvi karibu na soko," alisema. "Iko moja tu."

"Ya nani?" Chef Ilunga akauliza.

"Ya baba mukwe wangu."

Nilisikia sauti yangu mwenyewe, safi, bila kutetemeka, kama ya mtu mwingine:

"Ni mfano tu. Nimeutunga."

"Umetunga?" Blaise akaniangalia.

"Ndiyo."

Akachukua simu yake, akatoka nje. Hakurudi. Mpaka leo sijui alimpigia nani. Pengine alimpigia mke wake, kuuliza chakula.

"Bon," Chef Ilunga alisema, bila mzaha sasa. "Endelea, mademoiselle."

Nami nikaendelea. Niliwafundisha kuhifadhi, kuchapa, kubadilisha nywila. Saa nzima. Nyumba yenye mlango wa buluu ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Wakati wa mapumziko nilimpigia Papa Zacharie aliyekuwa Butembo. Nilimweleza yote, hata lile neno "nimeutunga".

"Kanyere, umekwenda kwa ule mama?"

"Bado, Papa."

"Sasa unanipigia miye ya nini?"

Hata hivyo nilianza na clé. Kukusanya clé ni kazi ninayoijua: unanyoosha mkono, unasema asante. Nilipata saba, na ile ya Blaise ilikuwamo, aliiacha mezani. Ya nane ilikuwa ya Josaphat, naye alikwisha kupanda lori la Kasindi. Katika kila kompyuta ya ukumbini niliifuta picha mwenyewe. Ilikuwa saa tisa nilipofika Beu.

Mama Léa alikuwa anashona sare za kwaya, njano na nyeupe. Ni mjane. Binti yake Léa ameolewa Mangina, basi anakaa peke yake. Aliniona mlangoni, akatabasamu.

"Karibu, mutoto. Ule wa kalamu! Ikala."

Sikukaa. "Mama, nimekuja juu ya picha."

"Picha gani? Miye nilikataa picha."

"Ndiyo, mama. Hatukupiga. Ni... ni kitu cha ordinateur, tunakiita picha. Maneno yako yalikuwa ndani. Batu bameona."

Mpini ukasimama. "Na jina langu?"

"Jina hapana. Nililibadilisha."

"Uliandika masini yangu?"

"Ndiyo."

"Na mulango?"

"Ndiyo, mama."

"Na moulin?"

"Na moulin."

Aliutazama mlango, kisha mashine, kisha mimi.

"Sasa picha ni nini tena, mutoto wangu?"

Nililia, na nikaona haya kwa kulia, kwa sababu ilikuwa ni yeye aliyepaswa kulia. Yeye alikata uzi kwa meno.

"Batu ngapi?"

"Tisa, pamoja na chef."

"Na Blaise ndani?"

"Ndani."

Akaanza kukunja sare za kwaya, moja moja, bila haraka. Aliziweka ndani ya mfuko na kumpa jirani azipeleke kanisani, nyingine zikiwa hazina mikono. Kuku akamwachia jirani huyohuyo. Akaniuliza pikipiki ya Butembo ni pesa ngapi. Tulichukua mbili. Yeye alibeba godoro, mimi nikabeba mashine, kati yangu na dereva. Chuma chake kilinigonga kifuani kwa kila shimo la barabara, na sikujaribu kuisogeza.

Sasa anakaa katika chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Butembo. Mama yangu anamwita dada. Hakuna aliyemfuata, lakini wiki ileile aliyohama tulisikia kwamba mlango wa buluu umevunjwa usiku na ndani hakukuwa na kitu. Wengine wanasema wezi. Mimi hulifikiria hilo neno, wezi, na kulitamani.

Picha mpya niliifunga tupu. Papa Zacharie hakunifukuza. Pengine ingekuwa rahisi zaidi angefanya hivyo. Nilimpigia Josaphat kila siku, na siku ya kumi na mbili akapokea.

"Kanyere! Ile picha yako ni kitu muzuri sana! Nimeipea marafiki wawili wa bureau. Ordinateur zao zinatembea vizuri ajabu."

"Josaphat, ulifuta ule mfano?"

"Mfano gani? Ah, Mama Léa! Hapana, tunamuacha pale. Anatufundisha kujaza."

Nilimweleza. Akasema atafuta, atawaambia marafiki wafute. Nikamuuliza: na kama wao nao wamewapa wengine? Hakujua. Tangu hapo simuulizi tena, na hilo pia ninaliweka katika yale ninayopaswa kuungama.

Juma lililopita nilirudi kutoka kazini nikasikia mashine, lakini si mlio niliouzoea. Ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda. Niliingia. Mama Léa alikuwa amekaa mbele ya mashine, kama mafundi wote, na alikuwa anazungusha mpini kwa mkono wa kulia, kwa vile vidole vitatu. Mshono ulikuwa umepinda kama wa mtoto wa shule. Sakafuni kulikuwa na nyuzi alizofumua.

"Mama, unafanya nini?"

"Ile ingine inajulikana," alisema.

Aliendelea mpaka uzi ukakatika. Akaufikicha mkono wake, akanyoosha ncha ya uzi upande wangu.

"Nipitishie. Vidole vimechoka."

Nilikosa tundu la sindano mara mbili. Alingoja.