Kurasa Nane Juu ya Msitu wa Mjomba

Mtu akinisifia MBA yangu siku hizi, namwambia anyamaze au abadilishe maneno. Wengine hudhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ni hasira, ina miaka zaidi ya ishirini na tano sasa, na wala haijapoa.

Jina langu Cecilia. Mwaka 1996 nilikuwa nafundisha masomo ya biashara katika sekondari moja hapa Masasi. Ndiyo siku zile za soko huria, wanunuzi binafsi wa korosho wamejipanga barabarani na mizani zao kuanzia Nanganga mpaka Newala, na kila aliyevaa shati jeupe anajiita mwekezaji. Likatoka tangazo la ufadhili: mwaka mmoja Uingereza, shahada ya pili ya kuendesha biashara, wanafunzi kutoka nchi ishirini na mbili. Nikaomba, nikapata. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Newala, walinichezea ngoma siku mbili. Aliyetoa ruhusa ni mjomba Kasiani, kaka yake mama, maana kwetu Wamakonde baba anakuzaa lakini mwenye neno ni mjomba.

Huko chuoni masomo yenyewe yalikuwa hivi. Kila jioni tunapewa kisa cha kampuni fulani, kurasa thelathini. Asubuhi profesa anakunyooshea kidole: wewe ndiye mkurugenzi, unafanyaje? Kiwanda unafunga au hufungi? Wenzangu walikuwa wanafunga viwanda kabla hata ya chai ya saa nne, na tabasamu juu. Mimi nikinyoosha mkono kuuliza wale wafanyakazi mia sita watakwenda wapi, wananitazama kama mtu aliyecheka msibani. Nikajifunza kunyamaza. Hilo nalo linanikera mpaka leo, kwamba nilijifunza upesi.

Tukapangwa kwenye vikundi. Kiongozi wa kundi langu alikuwa Arthur, Mwingereza aliyetoka benki. Hapa Masasi kina Arthur wa kwetu wamejaa, wajukuu wa watu wa misheni, walimu na makatekista, watu wa adabu zao. Huyu hakuwa wa namna hiyo. Alikuwepo pia Sophia, Mgiriki, mchora ramani na majedwali, dada mpole asiyetaka ugomvi na mtu. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa nusu ya alama zote za mwaka: kampuni moja inataka kupanda korosho za kisasa kusini mwa Tanzania, sisi tuitafutie ardhi na tuandike ripoti.

Sasa nani aliwapeleka kwetu? Mimi. Arthur alisema, "Kundi letu lina bahati, tuna mwenyeji," nami nikavimba kichwa. Mwezi wa sita tukafika kijijini. Mjomba akachinja kuku wawili, akawatembeza mwenyewe siku nzima, na miguu yake ile mibovu, mpaka kwenye msitu wa ukoo.

Wacha niueleze huo msitu, maana ndio kisa chote. Udongo wetu wa juu huku ni mchanga, hautaki kulimwa mfululizo. Unalima miaka mitatu, minne, halafu unauacha miaka minane au kumi, vichaka vinasongamana hata mbwa hapiti. Ardhi inapumzika. Ikishapumzika, mjomba anaingia, anachimba kidogo kwa kidole, anaunusa udongo, anasema mwaka huu mama fulani afyeke hapa, fulani pale. Ndipo watu wanaingia na nyengo zao za kufyekea. Msitu wenyewe, upande wa mashariki wa kijiji, ekari kama mia nne, ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu wa kupumzika. Mama yangu na wadogo zake wanne walikuwa wanauhesabia siku, kwa sababu shamba walilokuwa nalo lilikuwa limechoka kabisa, mihogo inatoka kama vidole.

Fomu aliyokuja nayo Arthur ya kukagua ardhi ilikuwa na visanduku viwili tu: ardhi inalimwa, ardhi hailimwi. Nikatia alama kwenye hailimwi. Ilikuwa kweli! Wala sikuona hatari yoyote. Kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua pori lina wenyewe, nani atakaa aandike jambo kama hilo?

Tukarudi Uingereza. Mwezi wa nane nikaingia chumba cha kundi, nikakuta Sophia ametundika ramani ukutani. Msitu wetu ameupaka kijani, na chini yake maandishi: ardhi huru, ekari mia nne, haina mwenyewe.

"Ebo! Nani kaandika huu upuuzi?" Nilisema kwa Kiswahili kwanza, halafu nikarudia kwa Kiingereza.

Arthur akafungua faili taratibu. "Wewe mwenyewe umejaza hailimwi, Cecilia. Sahihi yako hii hapa."

"Hailimwi maana yake haina mwenyewe? Kitanda chako kule kwenu leo hajakilalia mtu. Nikakiuze?"

Alicheka. Jamani, alicheka! Kisha akasema ripoti inataka sahihi za wote, bila yangu kundi zima linaanguka, na mimi nitarudi nyumbani mikono mitupu. Sophia akainama, akajifanya anachonga penseli. Nikawaambia sisaini, hata wanibebe. Nikatoka, nikaubamiza mlango mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia.

Nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi wetu, Profesa Reginald. Mzee wa kiasi, sauti ya upole kama padri kwenye maungamo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hasira si ushahidi. Kama ardhi ina mwenyewe, andika ni nani, tangu lini, kwa desturi gani. Nitaagiza iwe kiambatisho cha ripoti, na lile neno wataliondoa."

Nikaona hapo ndipo penyewe. Siku tatu sikuingia darasani. Niliandika kurasa nane, na kila neno lilitoka na moto. Nikaeleza ardhi inavyopumzishwa. Nikaeleza kwamba ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwamba mwenyekiti wa kijiji hana kauli kwenye msitu ule, baba zetu hawana, mama zetu hawana. Mwenye kauli ni mtu mmoja, mjomba Kasiani. Bila neno lake hakatwi mti, na akishasema, hakuna wa kumpinga. Nikaandika anapokaa, nyumba ya tatu ukilipita kanisa. Nilitaka wajue kwamba mwenyewe yupo, ana jina, ana mlango wa kubishwa hodi.

Siku ya kuwasilisha walikuja hata watu wa kampuni yenyewe. Arthur alikuwa amelifuta lile neno, nami nikawa nimesaini. Nikasimama nikasema dakika ishirini, sikutazama karatasi hata mara moja. Nilipomaliza, bwana mmoja wa kampuni, tai ya kijivu, akauliza kwa heshima zote, "Kwa hiyo kinachohitajika ni ridhaa ya mzee huyu mmoja tu?"

"Ndiyo," nikamjibu kidevu juu, "na hamtaipata!"

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Tukapewa alama ya juu kabisa mwaka ule, na Profesa Reginald akaandika kwamba kiambatisho changu ndicho kilichoiokoa ripoti. Arthur akanipa mkono. Nami, mjinga mimi, nikajiona nimewaweza.

Nikabaki kule miezi minne zaidi kwa mafunzo ya kazi. Narudi Januari 1998, mvua za mwaka ule zimekata barabara, gari likakwama mara tatu kati ya Masasi na Newala, kipande cha mwisho nikakanyaga tope kwa miguu na sanduku kichwani. Nyumbani vigelegele! Mama analia, mama wadogo wanne wananivuta huku na huku. Tukala, tukashiba. Ndipo mjomba akasimama, akaingia ndani, akatoka na karatasi aliyoifunga kwenye nailoni mara mbili, kaifunga na kamba juu.

"Tulikuwa tunakungoja wewe utusomee," alisema, na uso wake ulivyong'aa, Mungu wangu. "Walikuja wazungu wawili na mkalimani wao. Wakaniuliza kwa jina, Kasiani, nyumba ya tatu ukilipita kanisa. Nikashangaa, wamenijuaje? Wakatoa karatasi zako, jina lako liko juu. Mkalimani akasema, mpwa wako ameandika huko Ulaya kwamba msitu ni wa ukoo wenu na mwenye neno ni wewe, tia dole kuthibitisha. Nikatia. Sasa msitu wetu unajulikana mpaka Ulaya! Hebu soma, mama zako wasikie."

Nikaifungua. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Nikasoma kimya, nikarudia. Kwamba Kasiani, mwenye mamlaka yote kwa desturi kama ilivyoelezwa kwenye kiambatisho, anaikodisha kampuni ekari mia nne kwa miaka sitini na sita. Kwamba kuanzia siku ya dole lile hakuna mwanaukoo atakayefyeka, kupanda wala kuokota kuni humo. Na chini, kama shahidi wa desturi, wameninukuu mimi, kwa jina langu lote na shahada yangu.

Nilitukana. Nilimtukana Arthur, na Reginald, na yule wa tai ya kijivu, kwa Kimakonde, mbele ya mama zangu, matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Mama akanishika mkono. "Cecilia! Una nini wewe? Soma basi!"

Nikasoma. Nikawatafsiria neno kwa neno, sikuruka kitu. Nilipofika kwenye kuni, mama mdogo Isabela akapiga yowe, wengine wakashika vichwa.

Hasira ikanigeukia mjomba. "Mjomba, ukatia dole kwenye kitu usichoweza kukisoma?"

"Nilitia kwenye jina lako," alisema. "Hilo naweza kulisoma."

Akaichukua karatasi, akaitazama juu chini. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayejisemea, "Mwenyekiti wa kijiji yupo, wangemwendea, ningepata habari, ningepinga. Ofisi za wilaya zipo. Hawa watu waliruka kote huko wakaja kwangu. Nani aliwaambia kwamba mimi ndiye mlango?"

Ningeweza kusema ni Arthur. Ningeweza kusema ni profesa, ni mkalimani, ni serikali. Nani angejua? Lakini wote walikuwa wananitazama, na mama alikuwa bado kanishika mkono.

"Niliwaambia mimi," nilisema. "Niliandika kurasa nane."

Mama akaniachia. Mjomba aliikunja ile karatasi, akairudisha kwenye nailoni, akaifunga kamba yake vizuri kabisa, akaniwekea mapajani.

"Basi rudi ukasome tena," alisema. "Kuwaingiza umejua. Kasome na kuwatoa."