Mistari ya Njaa

Mwaka ule wa 1973 Gervas aliishi chini ya maji. Mwili wake ulipanda treni kila asubuhi, ukafika maabara na kuketi mbele ya hadubini kwa adabu zote. Yeye mwenyewe alikuwa ziwani, kaskazini ya mbali, chini ya barafu, akiwafuata samaki wenye tumbo jekundu ambao Waswidi huwaita röding.

Kwao Ukerewe alikuwa bwana samaki; Stockholm alikuja kujiendeleza. Alipasua matumbo akakuta wadudu wadogo kuliko punje ya ulezi, na ndani ya samaki wakubwa akakuta wadogo zao, wamelala kama walioazimwa kitanda. Kisha alichomoa mfupa wa sikio, mdogo kama chenga ya mchele, akauvunja, akauchoma kidogo, akahesabu mistari myeusi. Kila msimu wa njaa humwachia samaki mstari.

Alishapima samaki mia sita. Kwa hesabu yake walikua upesi, kwa hiyo ziwa lingeweza kufunguliwa kwa nyavu. Jumatatu angekabidhi ripoti, Ijumaa angepanda ndege kurudi kwa bintiye Winifrida. Alimwacha na miaka mitatu. Sasa alikuwa na sita.

Jumapili alikwenda Hässelby, pembezoni mwa mji, kwa Leokadia, muuguzi wa Bukoba aliyewalisha Watanzania wapweke wa mji mzima na kuwasema wakila kidogo. Gervas akamsomea barua ya nyumbani.

"'Vuli imeanza. Winifrida ameng'oka jino.'"

"Vuli!" Leokadia akacheka. "Nilishaisahau, kaka. Huku kiangazi ni kimoja tu kwa mwaka, nacho ukipiga chafya kimepita."

Tonge likamgandia Gervas mkononi. Nyumbani kuna masika na vuli. Ziwa hushiba mara mbili na kufunga mkanda mara mbili, kwa hiyo yeye siku zote alihesabu mistari miwili kuwa mwaka mmoja. Ndivyo alivyohesabu na hapa, ambako njaa ni moja tu, ya barafu. Samaki aliyemwandika kijana wa miaka tisa alikuwa mzee wa kumi na minane. Ziwa lile lilikua polepole mno, tangu wadudu hadi samaki, na nyavu zingelimaliza.

Katika treni ya kurudi theluji ilianguka, na samaki wazee wakapita taratibu nje ya kioo, wakimtazama. Nani angejua? Alitamani kunyamaza, alitamani sana, na aliona haya kwa kutamani.

Jumatatu alimweleza msimamizi wake, mama wa makamo aitwaye Nyberg. Kuzidisha kwa mbili kusingetosha: mstari uliokosa mwenzake hakuuandika, na mifupa iliyochomwa ilishatupwa.

"Basi tunahitaji samaki wapya," akasema Mama Nyberg. "Barafu inayeyuka Juni. Utaweza kubaki?"

"Nitabaki," akasema Gervas.

Jioni akamwandikia bintiye. Akachora mfupa wa sikio wenye mistari sita, akaandika: *Huyu ni wewe. Huu baba hakuuona, wala huu, wala huu.*

Halafu akaongeza wa saba, kwa penseli, bila kubonyeza sana.