Umri wa Maji ya Nyamitaba

Isidore hakuwa mtu wa kusema "labda". Alizaliwa Kashebere, pale ambapo barabara ya Walikale inaanza kuagana na milima na kuingia porini. Mapadri walimsomesha, na kufikia mwaka 1958 alikuwa msaidizi katika maabara ya maji huko Bukavu, akitembea na sanduku la mbao lililojaa chupa na dawa za kupimia. Akishafika mahali, watu walijua jibu nalo limefika.

Ndiyo maana Mama Généreuse, mkunga wa materniti mpya, yaani nyumba ya kujifungulia, ya Nyamitaba katika Masisi, alipomwona amefika alimpeleka moja kwa moja kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima. Maji yalibubujika kutoka kwenye ufa wa jiwe, maangavu na baridi ya kuuma meno. Serikali ilikusudia kuyavuta kwa bomba mpaka materniti, ila ilitaka kwanza kujua yanatoka wapi. Isidore akajaza kibilauri, akadondoshea dawa yenye madini ya fedha ndani yake. Maji yakafanya ukungu mweupe kama yametiwa maziwa. Huo ulikuwa ushahidi wa chumvi, tena si haba.

Isidore akafurahi sana. Kwao Walikale aliwahi kupima maji ya moto yanayochemka yenyewe kutoka ardhini, nayo yalifanya ukungu vilevile. Masisi haina bahari. Chumvi ingetoka wapi kama si vilindini, kwenye miamba ya moto? Akamweleza mkunga kwamba maji hayo yamelala chini tangu enzi ambazo hakuna babu anayezikumbuka, na uchafu wa juu hauwezi kuyafikia.

Généreuse, ambaye kila asubuhi alihangaika na kuni mbichi, akamuuliza kama basi angeweza kuacha kuchemsha.

"Mayi ya ndani vile iko safi, Mama," Isidore akasema. "Usiteseke na kuni."

Kabla ya kuondoka alijaza chupa kubwa na kuifunga kwa nta. Mkuu wa maabara, Mbelgiji mpole, aliituma Ulaya kwa ndege kwa ajili ya kipimo kipya. Yale mabomu makubwa ya majaribio yaliyolipuliwa ng'ambo yalikuwa yametia mvua alama, aina ya hidrojeni nzito iitwayo tritiumu. Jicho haliioni wala ulimi hauionji, lakini mashine huihesabu. Maji yaliyoingia ardhini kabla ya mabomu hayana alama hiyo ila kidogo sana. Ya mvua za karibuni yanayo tele. Isidore hakuwa na wasiwasi. Kwake, kipimo hicho kilikuwa mhuri tu juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mkuu wake alimwita na kumwambia kwamba maji ya Nyamitaba yamejaa alama. Yalikuwa mvua ya juzijuzi.

Isidore hakubishana na mashine. Kilichomjia kwanza akilini ni kuni za Généreuse. Siku hiyohiyo aliomba ruhusa, akavuka ziwa, akapanda kamio, lori la mizigo, kupitia Sake hadi Nyamitaba.

Alimkuta mkunga akifua mashuka. Akina mama kadhaa waliojifungua walikuwa wameharisha tangu mvua zianze, na mtoto mmoja mchanga alikuwa amedhoofika, ingawa sasa alikuwa ananyonya. Isidore hakuzunguka mbuyu.

"Nilikosea, Mama. Ile mayi iko ya mvua. Tuwashe moto leo."

Généreuse akamwonyesha shoka lilipo. Isidore akavua koti, akapasua kuni mpaka sufuria kubwa ikaanza kutokota.

Lakini swali moja lilimkereketa: kama maji ni ya mvua, chumvi imetoka wapi? Akapanda kilima hadi juu kabisa, kwenye malisho yanayoelekea Kirolirwe. Huko akakuta bonde dogo kama bakuli, lisilo na mfereji wa kutokea. Maji ya mvua yalituama humo, kisha yakamezwa na nyufa za mwamba. Kulizunguka bonde, ng'ombe walikuwa wanalamba chumvi iliyomwagwa juu ya mawe, na samadi ilitapakaa kila mahali. Akachota maji ya pale, akadondoshea dawa. Ukungu ukawa mzito kama uji.

Ng'ombe walikuwa wa Mama Mukagasana, mjane aliyeachiwa kundi na mumewe, kisha yeye mwenyewe akalizidisha maradufu. Akiwa amejiegemeza kwenye fimbo yake, alimsikiliza Isidore akieleza kwamba chumvi na samadi vinashuka hadi chemchemi, na kumwomba ahamishe ng'ombe.

"Mwaka jana ulisema mayi iko ya zamani," akasema. "Leo iko ya mupya. Na kesho?"

"Kesho itakuwa ya mupya vilevile. Mwaka jana niliuliza chumvi peke yake. Sasa nimeuliza na mvua."

Mukagasana akatoa sharti lake. Angehamisha ng'ombe na chumvi hadi mteremko wa pili kwa msimu mzima wa mvua. Chemchemi isipobadilika, ng'ombe wangerudi, na Isidore asingekanyaga tena malisho yake. Isidore akakubali papo hapo.

Mvua zilipokoma, wanawake walikusanyika chemchemini. Mukagasana mwenyewe ndiye aliyechota maji, asije mtu akayachezea. Isidore akadondosha dawa. Kibilauri kikabaki kiangavu, ila uzi mwembamba wa ukungu uliojinyonganyonga chini kabisa. Mjane akakiinua juani, akakigeuza huku na huku, kisha akampa Généreuse aone.

Mukagasana akakubali bonde lizungushiwe ua wa miti na bomba lijengwe. Hakuwa amemaliza, hata hivyo.

"Kule nilikohamia hakuna mayi," akamwambia Isidore. "Bamama bamepata yao. Ngombe zangu je?"

Isidore akaona ana haki. Akabeba sanduku lake, na wote wawili wakaelekea mteremko wa pili kutafuta mahali pa kuchimba kisima, Mukagasana akitangulia.