Mtani na Jembe la Marehemu

Mwaka ule mto Msimbazi ulipofurika, mpunga wote wa bonde la Vingunguti ulikwenda na maji. Mume wa Mwanaheri aliingia majini kuokoa alichoweza, akatoka na homa, na homa ikamchukua. Mwanaheri akabaki ndani akikaa eda, na tumaini lake likabaki moja: serikali iliahidi kuwapa waliofikwa na gharika fedha kidogo na mbegu za kunde, wapande kabla tope la bonde halijakauka.

Lakini kosa lilishafanyika siku ya mazishi. Leodegar, Mnyamwezi mchukuzi wa bandarini, alikuwa mtani wa marehemu. Kama ilivyo ada, alivaa kofia ya marehemu, akachukua jembe lake, akaketi juu ya tuta la shamba, karibu na kaburi, akitangaza kuwa shamba ni lake, na marehemu alikuwa kibarua wake mvivu. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Ndipo akapita karani Ansbert, mtu wa Bukoba, mgeni wa mambo ya pwani, akiandikisha wenye mashamba wa kupewa msaada. Akauliza hili la nani.

"Langu mie," akasema Leodegar, na hakuna aliyembishia. Nani humbishia mtani msibani? Ansbert akaandika.

Siku ya kugawa fedha na mbegu, Chausiku, jirani wa Mwanaheri, alirudi anahema. Alisema lililoitwa ni jina la Leodegar. Jumbe wa kijiji alijaribu kueleza kuwa ule ulikuwa utani, Bwana Shauri, mkuu wa serikali wilayani, akakata maneno: aliyeandikwa ndiye apokee. Leodegar akapokea, akaondoka.

"Kasemaje?" akauliza Mwanaheri.

"Hajasema kitu. Yule wa kunyamaza yule?"

 Utani ni utani, Mwanaheri alijiambia, lakini njaa haina mtani.

Kesho yake alasiri mtu akabisha hodi kwa fujo.

"Mjane wa kibarua wangu yumo? Nimekuja kudai kodi."

Wanawake waliokuwa uani wakageukia mlango. Mwanaheri, ambaye tangu mazishi alikuwa akisema kwa kunong'ona, akapaza sauti nyuma ya pazia.

"Weka fedha zangu hapo, mtumwa. Na mbegu, na jembe la bwana wako."

"Fedha hizi hapa. Mbegu ziko ardhini, tope lilikuwa linakauka. Jembe silitoi. Wewe umejifungia ndani, nani atapalilia?"

Chausiku akachungulia. Mtu mzima yule alikuwa tope mpaka mapajani.

Mwanaheri akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na wanawake wakampigia vigelegele katika nyumba ile ile ya matanga.

Kunde zilipokomaa, eda ilikuwa imekwisha. Ansbert akapita tena bondeni, akawakuta wawili hao wanavuna, akauliza kwa uangalifu shamba ni la nani.

"La bibi huyu," akasema Leodegar. "Mie kibarua wake mvivu."

Mwanaheri akamnyang'anya kofia ya mumewe, akaivaa juu ya kanga, akaendelea kuchuma.