Minyororo ya Plau

Landrova ya zahanati ya Mwasubi ilikufa Jumatatu asubuhi, katikati ya kijiji, mbele ya macho ya watu walioinunua kwa pamba yao wenyewe. Beringi ya gurudumu la mbele ilisagika, gurudumu likajifunga lisizunguke tena, na breki, ambazo zilikuwa zikilalamika tangu Sabasaba, nazo zikaona hapo ndipo pa kupumzikia. Fundi wa kuitibu hakuwepo Bujora wala Kisesa. Ilibidi ipelekwe Mwanza mjini.

Mwenyekiti wa kijiji, Mihayo, hakuona tatizo. Kijiji kilikuwa na trekta, kilikuwa na kamba nene ya katani, na kilikuwa na dereva.

"Kija," alisema, "funga kamba uondoke leo leo."

Kija alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyejifunza trekta Jeshi la Kujenga Taifa na kurudi nyumbani na cheti na mikono isiyotoka grisi. Mwaka wa kwanza watu walikuja kumtazama akilima kama wanaotazama ngoma. Sasa, mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tano, walishachoka kushangaa. Aliizunguka Landrova mara mbili, kisha akatupa jicho barazani mwa zahanati, alikokuwa ameketi mdogo wake Odeta na tumbo lake la miezi minane.

Mtoto wa kwanza wa Odeta alitolewa kwa kisu. Clavery Rweyemamu, mganga wa zahanati, kijana kutoka Kamachumu ambaye kila Jumapili aliwachosha watu kwa kusifia ndizi za kwao, alikuwa amesema bila kuzunguka: huyu wa pili hazaliwi kijijini, na uchungu ukianza, mama asitikiswe kwenye trekta wala mkokoteni, maana kovu halitastahimili. Hospitali walikuwa wamemwambia arudi wiki ya mwisho, na mjini hawakuwa na ndugu wa kufikia. Zilibaki wiki tatu. Kutoka Mwasubi hadi barabara kuu ni maili nane za mashimo, na chombo pekee chenye springi za kumbeba mgonjwa ndicho hicho kilichokuwa kimepiga goti.

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti," Kija alisema. "Kwa kamba haiendi."

"Kwa nini?"

"Haina breki. Kwenye tambarare nitaivuta. Nikifika mteremkoni itanifuata mgongoni, itanigonga, na hapo tutakuwa tumeua trekta na Landrova kwa siku moja. Halafu gurudumu lenyewe halizunguki. Lazima ipande trela."

"Itachukua muda gani?"

"Siku tatu."

Mihayo alipiga kelele. Siku tatu! Dada mtu mwenyewe ndiye anayechelewesha! Kija alimwacha amalize. Alikuwa na hasira pia, tena nyingi, ila yake alikuwa ameihifadhi tangu akiwa na miaka tisa. Mwaka huo mama yao alishikwa na uchungu, baba yao akamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, Kija akifuata nyuma kwa miguu. Pini iliyoshika mkokoteni na nira ilikuwa kijiti cha mti. Baba alikiangalia, akasema kitafika. Kilikatika porini, ng'ombe wakaenda mbele na nira yao, mkokoteni ukabaki na mama. Hadi kijiti kingine kilipochongwa, mama alikuwa ameshafariki, yeye na mtoto wake tumboni. Tangu hapo, neno "kitafika" Kija hakulipenda hata kwenye salamu.

Kijiji kilikuwa na matrela mawili. La pamba lilikuwa refu, limepakwa rangi ya kijani juzi tu, na Mihayo alilitaka hilo kwa kuwa mjini lingependeza. Kija alilala chini yake na nyundo, akagonga, akatoka na vumbi nyweleni. Chuma chake cha kuvutia kilikuwa chembamba. Pamba ni nyepesi, haikuwahi kukidai kitu. Akaenda kwa lile la mawe, lililobeba mawe ya kujengea shule. Lilikuwa fupi, baya, na kutu yake ilikuwa imeshakuwa ndiyo rangi. Lakini ekseli ilikuwa ya lori, na tairi zilikuwa nzima. Akaugonga mkono wa trela, ule unaotangulia mbele kwenda kufungwa kwenye trekta, akasikiliza mlio hadi kwenye pete ya mwisho inayopokea pini. Ulilia vizuri.

"Hili hapa," alisema.

"Hilo linatutia aibu," Mihayo alisema.

"Litatutia aibu likiwa limefika."

Ikabaki pini. Ile ya asili ilishapotea, na kwa miezi sita trekta lilikuwa likivuta kwa kipande cha nondo. Kija alikichomoa, akakitupa vichakani mbali kabisa ili asije mtu akakiokota kwa huruma. Clavery alipanda baiskeli yake hadi karakana ya misheni, akarudi jioni na pini nene ya chuma kigumu, yenye tundu la kupitishia kufuli lisiiache iruke. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano Kija alitafuta minyororo. Alitaka miwili, ipishane chini ya mkono wa trela, mmoja kutoka kulia kwenda kushoto, mwingine kutoka kushoto kwenda kulia. Pini au pete ikikatika, mkono uangukie juu ya minyororo usichimbe barabara, na trela lisiende zake. Kila mwenye ng'ombe wa kulimia alikuwa na mnyororo wa plau. Lakini mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha mara mbili, udongo ulikuwa laini, na hakuna aliyetaka kuweka plau chini hata siku moja. Nyumba saba zilimpa pole. Ya nane ilikuwa ya baba yake, Ndalahwa.

Baba na binti walikuwa hawajagombana, ila walikuwa hawazungumzi mambo marefu. Kija alipokwenda jeshini, mzee alisema tu kwamba hakuzaa mtoto wa kuendesha vyuma, na tangu binti arudi, mzee alikuwa hajawahi kupanda trekta lake, hata kwa maili moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kija alieleza. Mzee alikuwa amesimama shambani, ng'ombe wanne wamefungwa, mtaro wa kwanza ukiwa umefika nusu. Aliwatoa ng'ombe kwenye plau, akafungua mnyororo, akaingia ndani akatoka na wa pili, akampa binti yake yote miwili. Kisha akaketi juu ya plau katikati ya shamba lisilolimwa, akampa mgongo. Kija aliondoka akiwa na uzito begani na mwingine kifuani.

Alipofika kijijini alikuta ngoma. Vijana hawakumsubiri. Walikuwa wamechimba shimo, wakazamisha magurudumu ya trela humo ili sakafu yake ikae sawa na ardhi, kama alivyowafundisha, wakatelezesha gurudumu bovu juu ya mbao zilizopakwa mafuta, na Landrova ilikuwa juu, imefungwa kamba. Ila uso wake ulitazama nyuma.

"Nani kaigeuza?"

"Ni sisi sote," Mihayo alisema, akiwa amevaa shati lake la mkutano. "Kijiji kimeinunua, inakwenda kutibiwa, halafu ituage kwa kututupia makalio? Itatuaga ikitutazama."

Watu wakapiga makofi. Yalikuwa maneno mazuri, na Kija aliona jinsi mama mmoja alivyokuwa akiipangusa taa ya Landrova kwa kanga. Ilimuuma kuwaharibia. Akawaharibia.

"Ndugu Mwenyekiti, njoo unyanyue huu mkono wa trela."

"Mimi?"

"Wewe, kwa mkono mmoja."

Mihayo alishika pete, akavuta. Mkono ulipanda. Ukaendelea kupanda bila kumwomba ruhusa, hadi akasimama kwa ncha za vidole akining'inia nao, na shati lake la mkutano likatoka kwenye suruali. Ngoma ilisita, mtu akaangua kicheko, kisha wote.

"Unaona?" Kija alisema, yeye hakucheka. "Injini ndiyo nzito, na mmeiweka nyuma. Trela linataka kukaa kitako. Barabarani litanyanyua trekta langu nyuma, lianze kutikisa mkia, na mteremkoni likishaanza hakuna wa kulituliza. Uzito ukae mbele kidogo ya magurudumu, ulale juu ya trekta."

"Tumeshatoa hotuba," Mihayo alisema kwa sauti ndogo.

"Mtairudia. Mnataka iwatazame? Basi nyinyi ndio mje mbele."

Jua lilikuwa linaelekea kushuka walipomaliza kuishusha, kuigeuza na kuipandisha tena. Safari hii wanaume wanne waliushika mkono wa trela, ukagoma kuinuka kirahisi, nao wakausukumiza hadi kwenye pini. Kija akafunga kufuli, akapishanisha minyororo, akaacha nafasi ya kukatia kona tu.

Alhamisi asubuhi kijiji kizima kilikuja mbele, kikajipanga pande zote mbili za njia, na Landrova ikapita katikati yao ikiwatazama. Watu kumi na mmoja walikuja na vifurushi wakitaka lifti. Kija aliwakataa wote, na wa kumi na mbili alikuwa Mihayo, aliyekuwa tayari ameketi ndani ya Landrova kwenye usukani.

"Shuka, Ndugu Mwenyekiti."

Alishuka. Clavery alifuata nyuma kwa baiskeli, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye fimbo, akitoa jasho na kutaja ndizi.

Walikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Barabara kuu waliiingia saa nne, Igoma wakaipita bila tabu, na Kija akaanza kupumua. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Nyakato aliweka gia ndogo, akashuka polepole. Tairi la trela likaingia shimoni. Alisikia mlio mmoja mkavu, kisha trekta likawa jepesi.

Hakugeuka kwanza. Mguu ulikwenda breki taratibu, kama alivyojizoeza, maana akifunga ghafla mzigo ungempanda. Minyororo ikalia, ikakaza, ikashika. Trela lilimsukuma mara moja, likavutika, likatulia. Vyote vikasimama.

Clavery alimkuta ameshuka, ameshika tairi kubwa la trekta kwa mikono miwili. Pini ilikuwa nzima. Pete ya trela ndiyo iliyopasuka, kwenye mshono wa zamani ndani ya kutu, palepale alipogonga na nyundo ikamdanganya. Mkono wa trela ulikuwa umelala juu ya minyororo, shubiri moja kutoka chini, na mbele yao mteremko ulikuwa bado mrefu, una watu na mbuzi.

"Ungekuwa na kamba," Clavery alianza.

"Nyamaza kidogo, mganga," Kija alisema, akalia.

Fundi wa kuchomelea alitoka Buzuruga, na jioni hiyo hiyo Landrova iliingia gereji. Siku ya kumi na moja ilirudi Mwasubi kwa magurudumu yake. Siku ya kumi na nne Odeta alishikwa na uchungu asubuhi na mapema, akapakiwa, na jioni Clavery akarudi na habari: mtoto wa kiume, mama mzima.

Kija alichukua minyororo akaenda kwa baba yake. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika kifundo cha mguu. Shamba la mzee ndiyo kwanza limelimwa, kwa mnyororo wa kuazima. Alimpa habari ya mjukuu. Ndalahwa aliitikia kwa kichwa, akapitisha kidole gumba kwenye kila pingili hadi akafika kwenye moja iliyovutika ikawa ndefu kuliko wenzake.

"Hii ndiyo iliyoshika?"

"Ndiyo, baba."

Mzee aliifumba kiganjani.

"Siku ile ya mama yako," alisema, "minyororo hii ilikuwa imening'inia ukutani. Yote miwili. Niliiona wakati natoka."

Kisha akamrudishia minyororo, akamwambia ikae kwenye trela.