Kituo cha Kwa Ndaki

Mwaka tisini na tatu, mabasi ya watu binafsi yalipoanza kuingia Bariadi, wapimaji walimwambia mume wangu Ndaki kwamba barabara mpya itapita mbele ya kiwanja chetu. Akajenga haraka, duka mbele, vyumba nyuma. Nilimsihi achimbe msingi mpaka kwenye changarawe, maana huu udongo mweusi wa mbuga hupasua kuta. Mbishi yule! Akasema mabasi hayatamsubiri.

Masika ukuta ulimwangukia akipanga sabuni dukani, akafa.

Leo nilipanda basi kutoka Nkololo. Kondakta akaita, "Kwa Ndaki! Wa Kwa Ndaki washuke!"

"Ndaki hayupo!" nikamfokea.

Akanishangaa. "Mama, hicho ni kituo tu."